Shajara ya mradi: kufunga mapangaboi katika nyumba ya Tanga

Mradi wenyewe

Nyumba iko Tanga mjini. Mbele kuna sebule na chumba cha watoto, vimeezekwa bati juu ya kenchi za mbao na dari yake ni jipsam. Nyuma kuna chumba kikubwa cha kulala chini ya slabu ya zege, iliyomwagwa kwa matumaini ya kupandisha ghorofa baadaye. Mwenye nyumba anataka mapangaboi matatu: la inchi 56 sebuleni, la inchi 56 chumba kikubwa na la inchi 48 kwa watoto.

Pangaboi la inchi 56 lina uzito wa kilo 5 hadi 6 tu, na ndiyo maana watu hulidharau. Lakini uzito huu unazunguka na kutikisika usiku kucha, miaka na miaka. Kwa mizunguko 320 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Msumari unaobeba taa bila shida utalegea kidogo kidogo chini ya mtikisiko huo, na hakuna atakayeuona kwa sababu umefichwa na dari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi inahusu kilicho juu ya dari. Kuunga waya ni kazi fupi.

Jumatatu: vipimo

Sebule: mita 4.8 kwa 4.2, dari mita 2.85 kutoka sakafuni. Chumba kikubwa: mita 4.0 kwa 3.8, slabu mita 2.75. Chumba cha watoto: mita 3.2 kwa 3.0, dari mita 2.85.

Vipimo vitatu havina mjadala. Mapanga yawe angalau mita 2.3 juu ya sakafu, ili mtu mrefu akinyoosha nguo asiyafikie kirahisi. Yawe angalau sentimita 30 chini ya dari, la sivyo yanakosa hewa ya kuvuta kutoka juu na pangaboi linazunguka bila kupuliza. Na ncha ya panga iwe angalau sentimita 45 kutoka ukutani, kwenye kabati au pazia.

Sebuleni, kwa bomba la kuning'inizia lililokuja na pangaboi, mapanga yatakaa sentimita 42 chini ya dari, sawa na mita 2.43 juu ya sakafu. Vizuri. Chumba kikubwa, kwa bomba fupi, sentimita 36 chini ya slabu, sawa na mita 2.39. Vizuri pia, ila kuna jambo la chandarua. Kitanda kina chandarua cha duara kinachoning'inia kwenye msumari wa dari. Pangaboi likiwashwa kitapeperuka na kuvutwa hadi kwenye mapanga. Kinabadilishwa kuwa cha pembe nne chenye fremu ya miguu minne, urefu wa mita 2.0, na kitambaa chake cha juu kivutwe kikaze.

Chumba cha watoto ndicho kilichozua maswali. Kina kitanda cha deka ukutani, upana wake na fremu ni mita 1. Chumba kina upana wa mita 3.0, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukutani ni mita 1.5. Pangaboi la inchi 48 lina nusu kipenyo cha sentimita 60. Ncha ya panga itapita sentimita 90 kutoka ukutani, yaani sentimita 10 ndani ya mstari wa kitanda. Godoro la juu liko mita 1.5. Mtoto akisimama hapo, kichwa na mikono viko kwenye njia ya mapanga. Kusogeza pangaboi upande wa pili kunalileta karibu na kabati la nguo, na kufupisha bomba kunayabana mapanga kwenye dari bila kumwondolea mtoto hatari. Uamuzi: chumba hiki hakifungwi pangaboi. Kinapata feni ya ukutani ya inchi 16 yenye wavu, kwenye ukuta unaotazamana na deka, mahali ambapo mkono wa aliyelala juu haufiki. Mwenye nyumba amekubali baada ya kuonyeshwa vipimo kwa futi.

Jumatatu alasiri: hali ya umeme

Nyumba hii ina inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani) na betri za kuwashia taa. Jambo hili limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya kazi: ukizima meni swichi, inveta inashika saketi ya taa papo hapo, na waya unaodhani umekufa una volti 230. Utaratibu wa kila siku ya kazi hii ni kuzima meni, kuzima inveta na kutenga betri yake, kuweka tepu juu ya breka pamoja na karatasi ya onyo, kisha kupima.

Kupima kunafanywa kwa multimita. Tesita ya bisibisi inaweza kuwaka kwa umeme wa kuambukizwa kutoka waya wa jirani, na inaweza kukaa kimya mikononi mwa fundi aliyevaa viatu vikavu juu ya ngazi ya mbao. Multimita inajaribiwa kwanza kwenye soketi yenye umeme, halafu kwenye waya wa kazi, halafu inarudishwa kwenye chanzo chenye umeme kuhakikisha haikufa katikati.

Matokeo yalipopimwa umeme ukiwa umewashwa:

Sebuleni, laivu (waya unaoleta umeme) kwa nyutro (waya unaourudisha) volti 228, laivu kwa ethi (waya wa ardhini) volti 227, nyutro kwa ethi volti 1. Hapa hapana neno. Waya ni wa milimita za mraba 1.5, breka ya taa ni ya ampea 6. Pangaboi la wati 75 linakula karibu theluthi moja ya ampea, kwa hiyo saketi inatosha.

Chumba kikubwa kina kasoro mbili. Swichi ikiwa imezimwa, waya mmoja kwenye pointi ya taa bado unaonyesha volti 228 kwa ethi ya bodi. Maana yake swichi imefungwa kwenye nyutro. Taa inazimika, lakini mtu anayefuta pangaboi akiamini limezimwa anashika kitu chenye laivu ndani yake. Kasoro ya pili: pointi hiyo haina waya wa ethi kabisa, ina nyaya mbili tu. Kwa taa yenye holda ya plastiki watu hulifumbia macho. Pangaboi lina mwili wa chuma, na insulesheni ya koili ikichoka, ethi ndiyo inayoiwezesha breka kuanguka kabla mkono wa mtu haujafika.

Kuvuta waya mpya wa ethi hadi kwenye bodi na kurekebisha swichi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Amepangwa Jumatano.

Jumanne: juu ya dari ya sebule

Kazi ya darini imeanza saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa tano, chini ya bati hapakaliki, na fundi aliyezidiwa na joto anakosea hatua. Anayekanyaga hukanyaga mbao ya chini ya kenchi, kamwe si jipsam wala zile mbao za 2x2 (inchi 2 kwa 2) zinazoshikilia jipsam.

Hizo 2x2 ndizo zinazowaponza wengi. Ziko pale pale, ni rahisi kuzifikia, na zimepigiliwa misumari kutoka chini kwenda juu. Ukining'iniza pangaboi hapo, uzito unavuta msumari kwa mwelekeo ule ule ulioingilia, na mtikisiko unausaidia kutoka. Rozi ya taa ni mbaya zaidi, kwa sababu imeshikwa na skrubu mbili kwenye ubao wa jipsam.

Kenchi hapa zimeachana mita 1.1. Kilichofanyika ni hiki:

Mbao mbili za 2x4 za msonobari wa Mafinga zilizotiwa dawa, kila moja mita 1.4, zimelazwa kutoka kenchi hadi kenchi, zikiwa zimesimama kwa ubavu wake mwembamba. Zimekaa juu ya mbao ya chini ya kenchi, hazikupigiliwa ubavuni mwake. Zikikaa juu, uzito unashuka kwenye mbao yenyewe, na misumari inabaki kuzuia zisiteleze tu. Kati ya mbao hizo mbili pameachwa nafasi ya milimita 14 kwa vipande vya mbao kwenye ncha, na kila ncha imekazwa kwa bolti ya M10 (unene wa milimita 10) inayopita kote.

Ndani ya nafasi hiyo imeshushwa ndoano ya chuma cha milimita 12 yenye nyuzi juu. Juu yake kuna bati la chuma la milimita 80 kwa 80, unene milimita 5, linalolalia mbao zote mbili, kisha washa, nati, na nati ya pili ya kuifunga ya kwanza. Kwa njia hii hakuna mbao iliyotobolewa katikati, mahali inapobeba mzigo mkubwa zaidi. Vyuma vyote vimepakwa redi oksaidi na rangi ya mafuta. Hewa ya chumvi ya pwani inakula chuma kitupu haraka, hata darini.

Jipsam imetobolewa tundu la milimita 40 tu, la kupitisha ndoano na waya. Kikombe cha pangaboi kinalifunika.

Jaribio la mzigo: mfuko wa saruji wa kilo 50 umefungwa kamba kwenye ndoano, ukaachwa ukining'inia sentimita 15 juu ya sakafu hadi kesho yake. Sakafu ilitandikwa godoro kuukuu.

Jumatano: majibu ya mzigo, na slabu

Asubuhi mfuko uko sentimita 14.8 kutoka sakafuni. Milimita 2 ni kamba na mbao kukaa vizuri, na saa nne baadaye kipimo hakijabadilika. Ndoano ya sebule imepita.

Slabu ya chumba kikubwa ina ndoano ya nondo iliyoachwa na wajenzi. Inavutia kuitumia. Ilipokwanguliwa kutu kwa brashi ya waya na kupimwa, shingo yake, pale inapotokea kwenye zege, imebaki milimita 7 kutoka nondo ya milimita 10. Kutu hula hapo kwanza kwa sababu unyevu hukaa kwenye kona hiyo. Imekatwa.

Badala yake fundi wa kuchomelea ametengeneza bati la milimita 120 kwa 120, unene milimita 6, lenye ndoano ya chuma cha milimita 12 iliyochomelewa pande zote mbili za mguu, na matundu manne kwenye pembe. Linashikwa na bolti nne za kujipanua za M8. Rolplagi za plastiki hazitumiki dari ya zege kwa mzigo unaotikisika. Zinashika kwa msuguano tu na joto la dari huzilegeza.

Kabla ya kutoboa, njia ya paipu ya waya ndani ya slabu imekisiwa: kutoka pointi ya taa kuelekea ukuta wa swichi. Matundu yamewekwa nje ya mstari huo. Tundu la tatu liligonga nondo kwenye kina cha milimita 35. Nondo haikatwi. Bati limezungushwa kidogo, tundu jipya likachimbwa pembeni, na lile la zamani likajazwa saruji isiyonywea. Kila tundu linapulizwa vumbi kwa pampu kabla ya bolti kuingia, kwani bolti iliyokaa juu ya unga wa zege inakaza vizuri leo na kuzunguka bure baada ya mwezi. Fundi amevaa miwani muda wote. Vumbi la zege machoni ukiwa juu ya ngazi linatosha kukuangusha.

Angalizo kwa wenye slabu za matofali yenye uwazi: bolti ya kujipanua haishiki kwenye tofali tupu. Hapo ndoano hupitishwa hadi juu ya slabu na kufungwa bati upande wa pili, au hufungwa kwenye boriti yenyewe.

Mfuko ule ule wa saruji umehamia hapa.

Fundi umeme amevuta ethi ya 1.5 ya kijani na njano hadi kwenye bodi na kuhamisha swichi iwe kwenye laivu. Amepima tena: swichi ikizimwa, waya zote mbili zinasoma karibu sifuri kwa ethi.

Alhamisi: kuunganisha na kupandisha

Pangaboi linaunganishwa sakafuni kadiri inavyowezekana. Nyaya zinapitishwa ndani ya bomba kwanza, bomba linaingia kwenye mota, na hapo ndipo penye kitu kidogo kuliko vyote katika mradi huu na chenye thamani kuliko vyote: kotapini. Bolti inapita bombani, washa, nati, kisha kotapini inaingia kwenye tundu la bolti na miguu yake miwili inakunjwa nje, mmoja kila upande. Juu, kwenye kishikio chenye mpira, ni vivyo hivyo. Nati peke yake italegezwa na mtikisiko. Kotapini iliyoingizwa bila kukunjwa itateremka yenyewe. Skrubu ya kubana kwenye shingo ya mota inakazwa mwisho, baada ya bolti, ili isilishike bomba likiwa limepinda.

Mpira wa kishikio ukaguliwe. Ukikosekana au ukipasuka, chuma kinasugua chuma, ndoano inalika kama mnyororo wa baiskeli, na sauti ya mota inasambaa kwenye dari nzima.

Pangaboi linapandishwa na watu wawili, bila mapanga: mmoja juu ya ngazi, mmoja anakabidhi mota kutoka chini. Likishakaa kwenye ndoano, waya zinaungwa kwa konekta ya skrubu: laivu kutoka swichini, nyutro, na ethi kwenye skrubu ya kijani ya kishikio. Waya zinaachiwa ulegevu wa sentimita 15 na kufungwa zisiguse sehemu inayocheza. Kapasita ya pangaboi la sebule ni ya mikrofaradi 2.5 na imekuja ikiwa imeungwa tayari.

Ikitokea pangaboi lina nyaya tatu zisizo na mchoro, multimita inasaidia. Pima ukinzani wa kila jozi. Jozi yenye ukinzani mkubwa kuliko zote ndiyo ncha mbili za kapasita, na waya uliobaki ndio wa pamoja wa koili zote mbili. Ukinzani huo mkubwa ni jumla ya zile mbili ndogo. Kama si jumla yake, koili ina hitilafu.

Mapanga yanafungwa mwisho. Yametoka kiwandani yakiwa yamepimwa uzito kwa seti, hivyo ya boksi moja hayachanganywi na ya jingine. Ukingo ulio juu ndio utangulie kwenye mzunguko. Hapo hewa inashuka. Baada ya kukaza, umbali kutoka ncha hadi ncha umepimwa: kwa mapanga matatu ya inchi 56 ni karibu milimita 1,212 kila jozi. Zimepatikana 1,211, 1,213 na 1,212.

Regyuleta ya sebule, yaani swichi ya kubadilisha spidi, ilihitaji boksi jipya ukutani. Lililokuwepo lina kina cha milimita 16 na mwili wa regyuleta hauingii. Limewekwa la milimita 35. Regyuleta inakaa kwenye laivu, baada ya swichi.

Chumba kikubwa kimefungwa pangaboi la mota ya BLDC (mota ya DC isiyo na brashi) lenye rimoti, kwa sababu linatumika usiku kucha. Linakula wati 30 badala ya 75. Kwa saa 10 kila usiku, siku 30, ni uniti 9 za Luku badala ya 22.5, na betri za inveta zinapata nafuu kubwa zaidi. Aina hii haipitishwi kwenye regyuleta ya ukutani. Inapewa umeme kamili kutoka swichini.

Ijumaa: kuwasha

Chumba kikubwa: kimya, hakitikisiki. Mota baada ya nusu saa ina joto la kushikika.

Sebule ilileta matatizo mawili. Kwanza mtikisiko kwenye spidi ya 5. Ncha za mapanga zimepimwa kutoka darini, pangaboi likiwa limezimwa: milimita 418, 419 na 424. Tofauti ikizidi milimita 3 lazima lichezecheze. Panga la tatu lilikuwa na washa ya faiba moja pungufu chini ya kishikio. Ilipowekwa, kipimo kimekuwa 419 na mtikisiko umeisha. Kulikunja panga kwa mkono kunaficha tatizo siku hiyo na kulipinda chuma moja kwa moja, kwa hiyo hakukufanywa.

Pili, mvumo kwenye spidi ya 1 na ya 2. Chanzo ni regyuleta ya elektroniki, inayokatakata wimbi la umeme. Imebadilishwa kwa ile ya hatua inayotumia kapasita, na mvumo umetoweka. Swichi ya kufifisha taa isitumiwe kabisa mahali pa regyuleta: mota inavuma na kuchemka.

Taa ya katikati ya sebule imeondolewa, na badala yake zimewekwa mbili ukutani, chini ya usawa wa mapanga. Taa ikibaki juu ya mapanga, kivuli kinapiga chumba kizima na kuumiza macho ya anayesoma.

Feni ya watoto imefungwa kwa skrubu nne na rolplagi za milimita 8 kwenye ukuta wa matofali, mita 1.9 juu. Waya wake umeshikwa ukutani kwa klipu, usiwe wa kuvutwa.

Wiki ya pili: ukaguzi

Skrubu tatu za mapanga ya sebule zimekubali robo ya mzunguko. Ni kawaida baada ya siku za kwanza. Kotapini zote ziko mahali pake, miguu imekunjwa. Rangi ya ndoano haijachubuka.

Karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa bodi ya breka inasema: kila miezi 6, zima meni na inveta, futa mapanga kwa kitambaa kikavu huku ukishikilia panga kwa chini lisipinde, shusha kikombe na kagua kotapini, mpira na kutu. Pangaboi likianza kuzunguka taratibu kwenye spidi zote, au likihitaji kusukumwa ili lianze, kagua kapasita kwanza kabla ya kulaumu mota. Ya mikrofaradi 2.5 iliyoshuka hadi 1.5 ndiyo sababu ya kawaida. Isiguswe kabla ya kumaliziwa chaji yake, na inayowekwa iwe ya kipimo kile kile: kubwa zaidi inachoma koili.

Bado kuna jambo moja kwenye orodha: bodi haina kifaa cha kukata umeme unaovuja cha milliampea 30. Mwenye nyumba ameagiza, na fundi umeme atarudi kukifunga pamoja na kupima upya ethi ya nyumba nzima.